Makali Hayanunuliwi Dukani



Leo twataka kuwasimulia kosa letu wenyewe. Si habari ya kujivunia. Lakini twasikia kwamba katika parokia nyingi vijana wanaanza kazi ya kukereza mbao, nasi twaogopa wasije wakatumbukia katika shimo lile lile tulilotumbukia sisi.

Nyuma ya nyumba ya mapadri wetu, huku kando ya ziwa Tanganyika, kuna kibanda cha useremala. Ndani yake limo kerezo la zamani, lililoachwa na watawa mafundi waliofanya kazi hapa kabla sisi hatujazaliwa. Wenye kusema Kifaransa huliita tour. Asiyelijua na afikiri hivi: kipande cha mti kimeshikwa katikati ya ncha mbili za chuma, huku na huku, nacho kinazungushwa mbio kwa nguvu ya mota. Mbele yake kuna egemeo la chuma. Fundi huweka patasi yake juu ya egemeo hilo, huisogeza polepole, na mti wenyewe unakuja kukatwa. Kwa njia hiyo hupatikana miguu ya viti, nguzo za vitanda, vinara vya altare, na michi ya kutwangia sombe.

Kerezo lilikuwapo, lakini patasi zake zilikuwa zimekwisha kupotea. Vijana sita wa parokia, waliokosa karo ya shule, wakaomba wafundishwe kazi hiyo. Walifyatua matofali kiangazi kizima, wakayachoma, wakayauza, wakapata dolari 120. Fedha hizo wakatupa sisi. Walisema, "Mwalimu, wewe umesoma seminari. Enda mjini, utuchagulie vyombo."

Tukaenda. Dukani tuliona patasi za namna mbili. Namna ya kwanza ziliuzwa moja moja, kila moja karibu dolari 30, nazo hazikuwa na sura ya kupendeza sana. Namna ya pili zilikuwa nane ndani ya sanduku moja la mbao, zenye mipini myekundu iliyopakwa vanishi, zinang'aa kama vyombo vya misa. Bei ya sanduku zima ilikuwa dolari 95. Tulihesabu haraka kichwani: kwa fedha hizo twapata tatu, au twapata nane. Muuzaji akatuambia kwamba ziko tayari kwa kazi. Hatukugusa makali, hatukuuliza chuma ni cha namna gani. Tulilipa, tukarudi nyumbani na furaha kubwa.

Wahenga walisema kweli: rahisi ni ghali.

Siku ya kwanza vijana waliweka kipande cha mulombwa kikavu katika kerezo. Aliyeshika patasi alikuwa mdogo wao, kijana wa miaka kumi na sita. Patasi haikukata, ilitoa vumbi tu, kama unga. Tukamwambia, "Kaza mkono." Akakaza. Ikatoa vumbi jingi zaidi, na chuma kikapata moto. Tukamwambia tena, "Kaza." Ndipo patasi ikazama ghafula ndani ya mti, mti ukaruka kutoka katika zile ncha mbili, ukampiga juu ya jicho la kuume. Ilibaki nafasi ya kidole kimoja tu, jicho lingepotea. Hakuwa na miwani ya kukinga macho. Hakuna aliyekuwa nayo, maana hatukukumbuka kununua hata moja.

Katika dispensari walimshona nyuzi tatu. Jioni mama yake akaja nyumbani kwetu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwalimu, nilikupa mtoto mwenye macho mawili. Nataka nimwone siku zote na macho mawili." Kisha akaenda zake. Sisi ambao kila jumapili hatukosi maneno, siku hiyo hatukupata hata neno moja la kumjibu.

Kesho yake akaja mzee mmoja wa mtaa wetu. Yeye, alipokuwa mtoto, alikuwa akifagia maranda katika kibanda kile wakati wa wale watawa, na baadaye akakereza mwenyewe miaka mingi. Alichukua patasi moja, akaweka makali yake juu ya ukucha wa kidole gumba, akaisukuma kidogo. Ikateleza. Akachukua ya pili, ikateleza. Akazijaribu zote nane.

"Mwalimu," akasema, "patasi yenye makali hushika ukucha, haitelezi. Hizi hazijanolewa. Mwenye duka amewauzia chuma, hakuwauzia makali. Makali hayanunuliwi dukani. Hata patasi ya bei kubwa, fundi huinoa kwanza kabla ya kuitia kazini."

Hapo ingefaa kumwomba atufundishe. Lakini twaungama: tuliona haya. Tulifikiri, jambo la kunoa ni nini? Kila mtu anoa kisu chake. Usiku ule, umeme wa misioni ulipowaka, tuliingia peke yetu kibandani, tukawasha mashine ya kunolea yenye mawe mawili ya kuzunguka. Jiwe la mashine ya namna hiyo huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika moja. Tukaikandamiza patasi kwa nguvu zote. Cheche ziliruka vizuri, na makali yakapata rangi nzuri ya buluu. Tulifurahi mno. Tulidhani rangi ile ndiyo dalili ya ukali.

Asubuhi mzee akaona rangi ile, akatikisa kichwa. "Umeiua, Mwalimu." Ndipo tukakaa juu ya gogo, tukamwambia, "Mzee, sisi hatujui. Tufundishe." Na yale tuliyojifunza tangu siku ile, kwake na kwa kusoma vitabu vya ufundi, ndiyo tunayotaka kuwapa ninyi.

Kwanza, habari ya chuma. Patasi zetu zilikuwa za chuma cha pua cha kawaida. Chuma hicho hupata ukali mzuri sana, lakini hakivumilii moto. Kikipata moto wa digrii 300 hivi, hugeuka rangi ya buluu, na hapo ugumu wake umekwisha. Makali yake hulegea upesi kazini. Hakuna dawa kwa fundi wa kijijini ila kusaga polepole mpaka sehemu yote ya buluu iishe. Iko namna nyingine, ambayo Kifaransa huiita acier rapide, nayo hupigwa chapa ya herufi tatu: HSS. Chuma hicho walikitengeneza Wamarekani wawili, Frederick Taylor na Maunsel White, katika kiwanda cha Bethlehem huko Pennsylvania, mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1900 kilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris. Hakilegei hata kikipata moto wa digrii 500. Kwa hiyo anayeanza, ambaye mkono wake bado ni mzito juu ya jiwe, yafaa atafute chapa ile. Zile patasi zisizopendeza, za dolari 30 kila moja, zilikuwa na chapa hiyo. Tulipita mbele yake bila kuisoma.

Pili, hesabu ya patasi. Mzee alitoa nne katika zile nane, na nne nyingine akazitundika ukutani. "Mkizinoa hizi mwezi mzima, tutazungumza juu ya zile." Tazameni, nne zenyewe ni hizi.

Ya kwanza ni patasi kubwa ya mfereji, yaani iliyokunjwa kama nusu ya bomba. Kifaransa ni gouge à dégrossir. Upana wake ni milimita 20 mpaka 25. Kazi yake ni kuugeuza mti wa pembe nne kuwa wa mviringo. Lakini angalieni sana: patasi hii ni ya miti mirefu tu, kama miguu ya viti na michi. Msiitumie kamwe kuchimbia bakuli, kwa maana mkia wake unaoingia katika mpini ni mwembamba, waweza kuvunjika na kuwarukia.

Ya pili ni patasi ndogo ya mfereji, gouge à profiler, ya milimita 10 hivi. Hiyo hutengeneza mabonde na vilima vidogo katika mti.

Ya tatu ni patasi bapa yenye makali ya mshazari, iliyonolewa pande zote mbili. Yaitwa plane. Yenyewe hulainisha mti hata msasa hauhitajiwi sana. Ni ngumu kwa anayeanza, nayo huzama upesi katika mti, lakini asiyejifunza kuitumia hatakuwa fundi.

Ya nne ni patasi nyembamba ya kukatia, bédane, ya milimita 3 au 4. Hutumiwa kupima kina na kutenga kazi iliyokwisha.

Anayetaka kufanya bakuli atanunua baadaye patasi yake ya mfereji wa kina, gouge à creuser, na kikwaruzo. Msikimbilie huko mwanzoni.

Tatu, pembe ya makali. Tazameni patasi kwa ubavu, mtaona mteremko unaoshuka mpaka kwenye makali. Mteremko huo ndio unaoegemea mti wakati wa kukata, nao huzuia patasi isizame. Patasi kubwa ya mfereji yataka digrii 45. Ile ndogo, digrii 35 hivi. Patasi ya mshazari, pande mbili pamoja, digrii 30 mpaka 40. Ya kukatia, digrii 50 hivi. Asiye na chombo cha kupimia digrii na apime urefu wa mteremko. Kwa digrii 30 mteremko ni mara mbili ya unene wa chuma: chuma cha milimita 6, mteremko wa milimita 12. Kwa digrii 45 ni karibu mara moja na nusu: chuma cha milimita 6, mteremko wa milimita 8 na nusu. Hesabu hiyo tuliisoma seminarini kwenye ubao, lakini hatukufikiri kwamba siku moja ingetuhifadhia mtoto wa watu.

Nne, kunoa kwenyewe. Kwanza vaeni miwani ya kukinga macho. Kabla ya kufunga jiwe jipya katika mashine, litundikeni kwa kijiti katika tundu lake, mligonge taratibu kwa mpini wa mbao. Jiwe zima hulia kama kengele ndogo; lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka, na hilo litupwe, maana lingeweza kupasuka likizunguka. Kisha pakeni mteremko wa patasi wino mweusi. Wekeni patasi juu ya kiegemeo cha mashine, jiwe likiwa limesimama, mlizungushe kwa mkono mara moja, mtazame. Wino ukitoka karibu na makali tu, pembe ni butu mno. Ukitoka nyuma tu, mbali na makali, pembe ni nyembamba mno. Ukitoka sawasawa tangu nyuma hata mbele, kiegemeo kimewekwa vizuri, nanyi mwaweza kuwasha mashine.

Mkono uwe mwepesi. Mzee alituambia tushike patasi kama vile tunavyoshika yai. Patasi ya mfereji huviringishwa polepole, toka upande huu hata upande ule, bila kusimama mahali pamoja. Cheche kwanza zitashuka chini ya chuma. Zinapoanza kupita juu ya makali, basi, inatosha, ondoeni. Kuongeza ni kupoteza chuma bure. Patasi ya chuma cha kawaida ichovywe majini mara kwa mara, kabla rangi haijaonekana. Ile ya HSS msiitumbukize majini ghafula ikiwa na moto mkali, isije ikapata nyufa ndogo. Iacheni ipoe yenyewe.

Wasio na umeme wasikate tamaa. Jiwe la kawaida la kunolea, lenye mafuta kidogo, hufanya kazi hiyo hiyo. Ni polepole, lakini jiwe la mkono haliunguzi chuma. Patasi ya mshazari hupendeza zaidi ikimaliziwa juu ya jiwe kama hilo.

Na kunoa ni mara ngapi? Sisi tulifikiri mara moja kwa juma. Mzee alicheka. Katika mti mgumu kama mulombwa, alisema, fundi aweza kurudi kwenye jiwe mara kadhaa kwa saa moja. Dalili ni hizi: maranda marefu yanageuka vumbi, mkono unaanza kusukuma, chuma kinapata moto, na sauti ya mti inabadilika. Anayengoja mpaka patasi ikatae kabisa, amekwisha kuchelewa. Siku ya ajali dalili zote zilikuwapo mbele ya macho yetu, nasi tulisema, "Kaza mkono."

Wakati wa kusoma tulikuta pia habari ya mtawa mmoja Mfaransa, Charles Plumier, wa shirika la Waminimi, aliyezaliwa Marseille mwaka 1646. Alikuwa mtu wa elimu kubwa ya mimea, akasafiri mpaka visiwa vya Karibi kuichunguza. Mti ule wa frangipani, wenye maua meupe yanayonukia, ambao hupandwa katika nyua za misioni nyingi, wataalamu huuita Plumeria kwa heshima ya jina lake. Basi mtu huyo huyo, mwaka 1701, alitoa huko Lyon kitabu kikubwa juu ya kazi ya kukereza, L'art de tourner, kwa Kifaransa na kwa Kilatini. Tulipoisoma habari hiyo tulinyamaza kidogo. Mtawa huyo, pamoja na Kilatini chake, hakuona haya kushika patasi na kujifunza kazi ya mikono. Sisi, kwa Kilatini kidogo tulichobakiwa nacho, tuliona haya kumwuliza mzee wa mtaa wetu namna ya kunoa.

Baada ya majuma mawili tuliwaita vijana wote sita. Tuliwaambia wazi kwamba tulichagua vibaya fedha yao, kwamba hatukuuliza, na kwamba jeraha la mwenzao lilikuwa juu yetu, si juu yake. Tuliahidi kurudisha nusu ya fedha, nasi tuliirudisha kidogo kidogo, kwa kufyatua matofali pamoja nao. Lile sanduku halikutupwa. Zile patasi nne, zilipokwisha kunolewa vema, zilikata. Kweli, ile kubwa ya mfereji huchoka upesi, na sasa vijana wamekwisha kununua moja yenye chapa ya HSS kwa faida ya michi waliyouza. Zile nne za ukutani bado zimetundikwa. Mpaka leo hakuna aliyeziulizia.

Yule kijana alirudi kazini kovu lake lilipopona. Anavaa miwani, hana mikono mirefu ya shati, na rozari anaivua shingoni, anaitundika kwenye msumari kabla ya kuwasha mota, maana kitu chochote kinachoning'inia chaweza kukamatwa na mti unaozunguka. Kabla ya kuwasha husimama kando, si mbele ya mti. Kati ya vijana wote, yeye ndiye anayenoa vizuri kupita wengine. Hata sisi twampelekea kisu chetu cha jikoni.

Mwezi uliopita mama yake akaja kibandani, mara ya kwanza tangu jioni ile. Alisema anataka mchi wa sombe, naye atalipa bei kamili kama watu wote. Kijana alichagua mti, akanoa, akakereza mbele yake. Mama alisimama mlangoni, anatazama macho ya mtoto wake nyuma ya ile miwani, hatazami mti. Mchi ulipokwisha, akaupitisha mkononi toka juu hata chini.

"Hauna kibanzi," akasema. Akatoa fedha, akazihesabu, akampa mwanawe. Kisha akatugeukia, akasema, "Habari ya asubuhi, Mwalimu," ingawa jua lilikuwa limekwisha kupita katikati.

Basi, ndugu, mkitaka kuwaanzishia vijana wenu kazi hii, msianze kwa kuuliza patasi ni bei gani. Tafuteni kwanza atakayewafundisha kunoa. Huenda anakaa mlango wa pili na kwenu, naye anangoja tu aulizwe.